Kipande cha Kwanza cha Asubuhi

Oktoba 9

Upepo wa kaskazini umewahi mwaka huu. Mlango wa duka unagonga tangu alfajiri, na Katsuhiro, mume wangu, amesema tena kwamba ataurekebisha. Nikamjibu sawa. Nyumba hii inaendeshwa kwa neno hilo. Ndiyo maana nimeanza kuandika: mdomo wangu una adabu lakini moyo wangu hauna, na nikiendelea kuyameza yote nitapasuka siku moja mbele ya wateja.

Nianze na simu. Binti yetu Chinami yuko Hiroshima, anafanya kazi kwa daktari wa meno. Wiki iliyopita nilimtumia boksi la kamaboko zetu, hizi keki za samaki tunazotengeneza na kuuza hapa dukani. Leo amepiga nikiwa kaunta.

"Mama, asante kwa mzigo. Ila safari nyingine mnitumie kamaboko. Hii mliyoleta ni chumvi iliyotiwa samaki."

"Umeshaharibiwa na vyakula vya mjini wewe."

"Haya, cheka. Onja mwenyewe basi. Lakini unywe maji kwanza, ukae kidogo, ndiyo uonje. Nyie mmeshazoea."

Nimefanya alivyosema. Nimeonja mara moja, nikaonja tena, na sasa natembea ndani ya nyumba kama niliyepoteza funguo.

Oktoba 10

Nieleze asubuhi zetu zilivyo, maana kesho na keshokutwa sitakuwa na subira ya kueleza.

Samaki wanafika kutoka sokoni kabla hakujapambazuka. Ni eso, wenye sura ya mjusi na miiba kila mahali. Hakuna anayemtaka mezani akiwa mzima, lakini akisagwa hana mpinzani. Katsuhiro anawachuna, anaosha nyama kwa maji ya barafu mpaka vidole vinakuwa vyekundu, anaikamua, anaitia kwenye kinu cha mawe. Hapo ndipo Mama anaposhuka. Mama mkwe wangu, Tamae Kuraoka, ana miaka sabini na tisa na kitambaa cheupe kichwani, na chumvi anapima kwa jicho na kiganja. Mizani ipo, inakusanya vumbi. Kinu kikizunguka na nyama ikianza kunata, anachovya kidole kidogo, anakiweka ulimini, anafumba macho. Akisema "bado," hakuna anayepumua. Akisema "tayari," imekuwa tayari.

Kisha anaibandika juu ya vibao kwa kisu bapa, mgongo wa kila moja ukitoka laini bila alama, na tunaichoma kwa moto mdogo kutoka chini ya ubao. Katsuhiro anaweza kubandika pia, lakini zake zina makalio, Mama anasema.

Mimi ni wa vibao, karatasi na wateja. Nimeolewa hapa Senzaki miaka ishirini na minne, nikitokea Tsuwano kule milimani, na sijawahi kuchovya kidole kwenye kinu kile. "Watu wa kwenu chumvi mnaijua kwenye achari tu," Mama aliniambia mwaka wa kwanza. Nilicheka. Bado sijui kama ulikuwa utani.

Ubao wa kwanza ukitoka motoni unakatwa. Kipande kimoja kinakwenda kwa marehemu baba mkwe, kwenye madhabahu yake ya ukutani. Kimoja cha Mama, kimoja cha Katsuhiro, kimoja changu. Mama anatutazama na kuuliza, "Vipi?" Tunajibu, "Nzuri."

Zamani hakuwa akiuliza. Alikuwa akitangaza. Sijui ameanza lini kuuliza, nadhani tangu kiangazi.

Leo nimekila kipande changu huku namwangalia Katsuhiro. Akasema nzuri. Nikasema nzuri. Kisha nikaenda nyuma nikanywa chai birika zima. Aliyekaa kimya peke yake ni baba mkwe, na yeye hatumlaumu.

Oktoba 14

Mvua. Nimemwambia Katsuhiro.

"Baba Chinami, kamaboko imezidi chumvi."

"Nani kasema?"

"Chinami. Na mimi."

"Chinami anakula mikate asubuhi mpaka jioni. Na wewe huna ulimi wa bahari."

"Na wewe je?"

Akafungua gazeti. "Mama ameshika kinu kile kabla sijazaliwa."

"Sikuuliza hilo."

"Mimi nimejibu hilo."

Oktoba 20

Upepo. Mlango unagonga. Sina la kuandika na siwezi kukaa.

Oktoba 27

Nimekwenda kwa Bi Hisayo kurudisha sahani. Ndiye jirani wa mlango wa tatu, mwenye saluni, rafiki wa Mama tangu darasa la kwanza. Nimepita jikoni kwa mazoea, na pale kando ya sinki nimekuta bakuli la maji, na ndani yake vipande vya kamaboko yetu vimelala vimepangwa vizuri.

Bi Hisayo akajisogeza kulifunika bakuli kwa nyonga.

"Ah, hivyo? Ni meno yangu tu, mwanangu. Unajua meno ya uzeeni."

"Meno yanatakaje maji, Bi Hisayo?"

"Kaa unywe chai, Nobue."

"Tangu lini?"

Akapangusa meza iliyokuwa safi. "Tangu Obon hivi, tulipowakaribisha marehemu wetu mwezi wa nane. Lakini ni tamu! Ukiloweka kidogo tu, tamu kabisa! Jamani usije ukamwambia Tamae. Miaka sabini na kitu namjua, sijawahi kumwambia hata kwamba ile rangi ya nywele aliyopaka harusi ya mwanawe ilikuwa ya mbilingani."

"Na wengine? Kina mama Ikeno? Wa duka la mchele?"

Akatazama dirishani, kule ambako hakukuwa na kitu cha kutazama.

"Mtaa mzima tunaloweka," alisema.

Oktoba 28

Mtaa mzima.

Novemba 6

Amekuja Bwana Sadakata, mwenye nyumba ya wageni ya kule kilimani. Kila Mwaka Mpya anachukua kwetu kamaboko nyekundu na nyeupe za wageni wake wote, na oda hiyo ndiyo inayotubeba mpaka majira ya kuchipua. Mtaa huu ulikuwa na watengenezaji saba. Tumebaki sisi. Oda hiyo ikienda, Katsuhiro ameshasema, tunafunga, na yeye ataomba kazi ya zamu kwenye kiwanda cha barafu.

Sadakata ni mtu wa kuzunguka. Alisifu hali ya hewa, ambayo ilikuwa mbaya. Akasifu mlango, ambao ulikuwa unagonga. Kisha akasema siku hizi wageni wake wengi wana presha, madaktari wanawakataza mengi, basi yeye angependa tu, bila haraka, kuja kuonja tarehe mosi Desemba kabla ya kuthibitisha. Mama akainama, naye akainama, nikadhani hawatainuka tena.

Alipotoka Mama aliniuliza, "Amesema nini yule?"

"Amesema wageni wana presha."

Mama alinitazama usoni. Nilikuwa na kitambaa mkononi, nikaanza kupangusa mizani.

Novemba 9

Nimeamua. Nikisubiri mtu wa nyumba hii afungue mdomo tutafunga duka tukiwa bado tunaambiana nzuri.

Kila asubuhi Mama akishapima chumvi kwenye bakuli la mbao, huliacha kando ya kinu na kwenda kumwashia baba mkwe ubani. Katsuhiro yuko kwenye maji, mgongo kwetu. Mimi napita na vibao. Leo nimechota konzi moja ya chumvi na kuitia mfuko wa aproni.

Mkono umepasukapasuka kwa baridi. Uliwaka asubuhi nzima.

Novemba 10

Konzi moja. Kamaboko ya leo ilikuwa nzuri. Namaanisha nzuri kweli, si ile nzuri yetu. Nimeila nikaikumbuka ile niliyokula siku ya kwanza kuletwa hapa nikiwa mchumba, nikamwambia mama yangu mzazi kwa simu kwamba nitaolewa, hata kama mwanamume mwenyewe hasemi.

Novemba 13

Bi Hisayo kaniita kutoka mlangoni kwake kwa mkono, kama mtu anayeuza magendo. "Leo sijaloweka!" ananong'ona. Nimecheka njia nzima.

Novemba 16

Jambo linanisumbua. Mama anachovya kidole, anafumba macho, anasema tayari. Anasema tayari konzi moja ikiwa imetoka. Alikuwa akisema tayari konzi hiyo ikiwa imo. Leo, nikitaka tu kujua, nimetoa konzi mbili.

Akachovya. Akafumba macho. Nilikuwa nimesimama karibu kuliko siku zote, nikaona kope zake zinatetemeka.

"Tayari," alisema.

Kamaboko ililegea kidogo. Wateja hawakugundua, lakini Katsuhiro aliibonyeza kwa kidole na kukunja uso. Ule unyumbufu wake, ule wa kurudisha meno yako ukiuma, sisi tunauita mguu. "Leo mguu wake dhaifu," alisema, na Mama akasema pengine ni samaki.

Haonji kitu. Mama haonji kitu kabisa. Nimemwogopa mwanamke huyu miaka ishirini na minne, na leo nilipomwona anapanda ngazi ameshika ukuta nilitaka kumkimbilia na nilitaka kumpigia kelele, yote kwa pamoja. Sikufanya hata moja.

Novemba 17

Konzi moja. Sitazidisha tena.

Novemba 22

Theluji ya maji. Boti hazikutoka, hakuna samaki, hakuna kazi. Mama amekaa, miguu chini ya meza yenye joto, anamenya punje moja ya kitunguu saumu kwa nusu saa. Aliinusa. Akainusa tena. Nilijifanya natafuta mkasi.

Novemba 29

Leo Mama hakwenda kwenye ubani. Magoti yanamuuma, akamtuma Katsuhiro amwashie baba, yeye akakaa pale pale kando ya bakuli lake. Nikapita na vibao mara nne, nikaleta hata ambavyo havikuhitajika. Chumvi yote iliingia kinuni.

Kipande cha kwanza. Nilishasahau ilivyokuwa. Kiliponigusa ulimi, uso ulijikunja wenyewe, jicho moja likafumba, sikuweza kuuzuia.

"Vipi?" Mama aliuliza.

"Nzuri," nilisema.

Katsuhiro alisema nzuri. Mama alikuwa ananitazama mimi.

Desemba 1

Leo nitaandika yote.

Baridi kali, bahari nyeusi, mlango unagonga kama una hasira na sisi. Mama aliamka kabla yetu. Nilipoteremka nilimkuta amevaa kitambaa kipya kichwani, na chumvi ameshapima, bakuli limefunikwa. Alikwenda kumwashia baba ubani, akakaa huko zaidi ya kawaida, namsikia akimwambia maneno. Nikafunua bakuli. Sikutazama mlikuwa na kiasi gani. Hilo ndilo kosa langu, sikutazama, mkono ulikuwa umeshazoea wizi. Nikachota konzi, na kwa kuwa leo ni leo, na Sadakata na presha zake anakuja, nikachota na nusu nyingine.

Kinu kilizunguka. Chumvi si ya ladha tu, hilo hata mtu wa milimani analijua baada ya miaka hii: ndiyo inayoifanya nyama inate na kushikana. Leo ilizunguka na kuzunguka ikabaki kama uji wa jana. Katsuhiro alimwangalia Mama. Mama alichovya kidole, akafumba macho.

"Tayari."

"Mama, mbona kama..."

"Nimesema tayari."

Akabandika. Kisu chake hakikukosea, migongo ilikuwa laini kama kawaida, na kwa muda nikajidanganya kwamba itakaa sawa. Tukaipumzisha, tukaichoma. Bwana Sadakata alifika wakati ubao wa kwanza unatoka. Alisifu hali ya hewa. Mama akaweka ubao mbele yake, akakata mwenyewe.

Haikukatika. Ilimeguka. Kisu kiliingia na kipande kikaanguka pembeni, kikavunjika mara tatu juu ya sahani. Mama akakata cha pili, nacho kikavunjika. Cha tatu hakukikata. Katsuhiro alisema kwa sauti ya chini, "Haina mguu," kana kwamba kuna ambaye hajaona.

Sadakata aliokota kimego, akatia mdomoni, akatafuna kitu kisichohitaji kutafunwa. "Naam, naam," alisema. "Baridi hii huleta mambo. Tuseme mwaka huu sisi kule tupumzike kidogo, Mama Kuraoka. Mwakani, Mungu akipenda, tunazungumza."

Mama akapiga magoti pale kwenye saruji yenye maji, na magoti yake yale, akaweka paji la uso chini. "Kosa ni langu," alisema. "Ni langu peke yangu."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake. Mfuko wa aproni ulikuwa mzito. Nilihisi chembe zinapenya kwenye mshono zinadondoka juu ya kiatu changu cha mpira, na nilinyamaza. Ningesema neno moja tu angeinuka. Nilinyamaza mpaka Sadakata akaondoka, mpaka Mama akavua kitambaa kipya, akakikunja mara nne, akakiweka juu ya kinu, akapanda ngazi.

Najichukia leo kuliko nilivyowahi kumchukia yeye.

Desemba 2

Mama hakushuka. Katsuhiro ameichukua mizani, anapima kila kitu. Kamaboko imeshikana. Haina ubaya. Haina chochote.

Desemba 3

Hakushuka. Bi Hisayo alikuja na machungwa, akakaa naye, akatoka macho mekundu. "Hataki hata kunisema nywele zangu," aliniambia.

Desemba 4

Theluji. Chakula chake kimerudi hakijaguswa. Nimezunguka nyumba hii mpaka mikeka inaniuliza ninakwenda wapi.

Desemba 5

Nimepanda.

Alikuwa amekaa amegeukia dirisha. Nilipiga magoti, nikaweka sinia mbele yake, nikageuza mfuko wa aproni. Chumvi ilimwagika kwenye sinia, kijivu, na nyuzi za kitambaa ndani yake.

"Nini hii?"

"Ni chumvi yako, Mama. Nimekuwa nikiiba kila asubuhi tangu mwezi uliopita. Kamaboko imezidi chumvi tangu Obon. Mtaa mzima wanailoweka kwenye maji. Bi Hisayo pia. Tarehe mosi nilitoa konzi na nusu. Kosa si lako, ni langu."

Nilisema haraka hivyo hivyo, bila kupumua, nikasubiri anipige au anifukuze nirudi Tsuwano.

"Mwizi," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Hisayo naye! Analoweka?"

"Kwenye lile bakuli la maua ya buluu."

"Bakuli nililompa mimi!" Sauti yake ilipanda, nikafurahi kuisikia, maana ilikuwa yake. Kisha ikashuka. Alichukua chembe ya chumvi, akaiweka ulimini, akakaa nayo. Uso haukubadilika.

"Unaona?" alisema. "Mchanga. Siku tatu baada ya Obon niliamka nikanywa supu, nikakuta maji ya moto. Nikasema ni mafua, itarudi. Haikurudi. Ningemwambia nani? Katsuhiro angefunga kinu siku hiyo hiyo kwa kunihurumia. Basi nikawa nawauliza ninyi. Kila asubuhi, vipi, vipi. Unadhani nilikuwa nataka kusifiwa? Nilikuwa naonja kwa nyuso zenu, Nobue. Ndiyo ulimi niliobaki nao. Na ninyi kila siku nzuri, nzuri, nyuso zimepigwa pasi. Nikadhani labda imepungua na mnanionea haya. Nikaongeza. Nzuri. Nikaongeza tena. Nzuri!"

Nilianza kuokota nyuzi za kitambaa kutoka kwenye chumvi.

"Halafu ile siku ukakunja uso," alisema. "Jicho lako moja likafumba. Sijui kama unajua nilivyofurahi. Nilimwambia baba yenu pale kwenye ubani: hatimaye mmoja kaniambia. Kesho yake boti hazikutoka, basi tarehe mosi nikapunguza. Kiasi kile kile nilichokisoma usoni kwako."

Tumekaa pale, sinia katikati yetu. Yeye alipunguza kwa sababu uso wangu ulisema kweli mara moja tu, na mimi nikapunguza juu yake kwa sababu mdomo wangu haukuwahi. Nililia kwa sauti, sikujali Katsuhiro yuko chini anasikia.

"Nyamaza," Mama alisema, si kwa ukali. "Kesho uje kwenye kinu. Na unawe mikono vizuri, unanuka karatasi."

Jioni nilimwambia Katsuhiro yote. Aligeuza kikombe chake mara nyingi.

"Nilijua tangu Septemba," alisema.

"Ukanyamaza?"

"Ni mama yangu," alisema. Sikumgombeza. Sisi wawili ni wale wale.

Desemba 6

Nimechovya kidole kwenye kinu. Nyama mbichi, baridi mpaka kwenye mfupa, inanata kama haitaki kuachwa. Nilitaka kusema kitu, Mama akanishika kifundo cha mkono.

"Usiseme. Maneno ya nyumba hii yameshaharibika. Nionyeshe tu."

Akaukaribia uso wangu mpaka nikaona mishipa ya macho yake. Sijui uso wangu ulifanya nini. Alitia chumvi kidogo, kinu kikazunguka, nikaonja tena. Akatia tena, robo ya kiganja. Nilipoonja mara ya tatu hakuuliza, aliniachia mkono na kuzima kinu.

Desemba 8

Chumvi imepungua. Nilimwonyesha imepungua. Hakukasirika.

Desemba 11

Leo tumebishana. Ulimi wangu ulisema imetosha, vidole vyake vilisema nyama ya eso wa leo ni laini, inataka zaidi ili ishikane. "Utauza ladha bila mguu?" "Utauza mguu wa chumvi, Mama, mtaa uloweke tena?" Katsuhiro alitazama maji yake kana kwamba anaona samaki hai. Tumekutana katikati. Sijawahi kumjibu hivyo maishani, na usiku nimelala.

Desemba 15

Katsuhiro alikula kipande cha kwanza akasema nzuri. Mama alimpiga na kitambaa begani. "Toka hapa! Wewe nani kakuuliza?" Bi Hisayo alikuwa mlangoni, akacheka mpaka akajishika ukuta, Mama akamgeukia: "Na wewe, mwenye bakuli!" Hawajasemezana tangu hapo. Kesho watasemezana.

Desemba 19

Mama amenituma kilimani kwa Bwana Sadakata na ubao mmoja. Sio Katsuhiro, mimi. "Usimsikilize," alisema. "Yule maneno yake ni kama yetu. Mtazame."

Alinikaribisha kwa adabu zote. Alisikitika, oda ya Mwaka Mpya ameshaipeleka kwingine, mambo ya biashara, ninaelewa. Nilielewa. Nikakata kamaboko mbele yake, vipande vikasimama. Akala kimoja huku anasifu theluji. Nyusi zilitulia. Mkono wake ukarudi kwenye sahani, ukachukua cha pili, mdomo bado uko kwenye theluji. Ukachukua cha tatu.

"Tutazungumza Februari," alisema mlangoni. Hii ni ahadi au ni adabu, sijui, na nimeshuka kilima nikijua kwamba tunaweza kufunga bado. Lakini vile vipande vitatu nimeviona kwa macho yangu.

Desemba 27

Samaki, mbao, samaki. Miguu imevimba.

Desemba 28

Katsuhiro ameurekebisha mlango. Hakusema kitu. Kimya kimetushtua sote, tukaacha kazi tukautazama.

Desemba 30

Foleni mpaka kwa Bi Hisayo. Mtaa mzima wamekuja kuchukua nyekundu na nyeupe zao, na kila mmoja ameinama zaidi kuliko kawaida na kusema mwaka huu ni nzuri sana. Mama alikuwa kaunta nami. Hakujibu hata mmoja. Aliwatazama nyusoni, mmoja mmoja, kama anayewahesabu.

Januari 1

Hakuna upepo. Chinami amefika jana na treni ya mwisho. Tumekaa wanne, supu imetolewa, kamaboko zimepangwa, nyekundu kulia na nyeupe kushoto. Kipande cha kwanza nimempelekea baba mkwe. Kisha Mama akatia chake mdomoni, akatafuna polepole, akameza.

"Vipi?" alisema.

Katsuhiro alifumbua mdomo akaufumba. Chinami akanitazama. Mama naye alikuwa ananitazama, lakini safari hii hakuutazama uso tu.

"Leo niambie," alisema. "Kwa maneno. Ikoje?"

Nilitafuna tena. Miaka ishirini na minne nimeiuza, na sikuwa na neno lake hata moja. Nikaanza kutafuta.

"Kwanza haina kitu, Mama. Baridi tu, laini. Halafu ukiuma inakurudisha meno, na hapo utamu wa samaki unatoka, mdogo, wa nyuma ya ulimi. Chumvi inakuja ya mwisho. Inafika, inakaa kidogo, inaondoka kabla hujaichoka." Nikasita. Vijiti vya Katsuhiro vilikuwa vimesimama hewani. "Ila leo imepungua. Kidogo sana. Ningeongeza ncha ya kidole."

Mama alikuwa amefumba macho, kama alivyokuwa akifanya kwenye kinu. Taya lake likasogea, likatafuna tena, ingawa mdomoni hamkuwa na kitu.

"Enhe," alisema. "Sasa na mimi nimekula."